Kabati la Fumo Kirume

Zama zile, bunduki zilipokuwa bado ni uvumi wa mabaharia, katika mji wa mawe wa Mwambweni kila nyumba ilikuwa na upanga wake. Ulikaa kwenye kidaka cha ukuta karibu na mlango, umefungwa kitambaa cha rangi ya nyumba hiyo, na kijana alipooa baba yake alimkabidhi mbele ya wakwe. Ndivyo mji ulivyojilinda miaka na miaka, bila askari wa kulipwa hata mmoja.

Akaja kutawala Sultani Fumo Kirume. Bwana huyu alikuwa amekwenda ugenini kwa mfalme mmoja wa ng'ambo, akaonyeshwa ukumbi uliojaa silaha, akarudi kwao na kijicho kimemkaba roho. Akapiga mbiu ya mgambo: panga zote, vitara vyote, deraya za vikuku vya chuma, chapeo na ngao ziletwe jumbani, zitengenezewe kabati ambalo wageni watalistaajabia. Watu wakanung'unika barazani, wakanung'unika visimani, kisha wakazipeleka. Ndiyo, wakazipeleka kwa mikono yao wenyewe, na wengine walizipaka mafuta kwanza.

Kazi ya kabati akapewa Fundi Shee, seremala ambaye hapakuwa na mfano wake pwani yote, na hasira zake zilikuwa za karibu mno. Siku ya kwanza waziri, Mwenye Alawi, alimletea mbao nzuri nyekundu. Shee akaulamba ubao mmoja, akatema mate chini.

"Hizi zimelowekwa baharini!"

"Ndiyo, miezi mitatu," waziri akajibu. "Si ndivyo mfanyavyo mafundi wote, bungua asizile?"

"Kwa mlango, ndiyo. Kwa kitanda, ndiyo. Hapa unataka nilaze chuma! Chumvi iliyoingia humu haitoki. Masika ikija, mbao zitavuta unyevu, na mwaka hautakwisha panga za watu zitakuwa kutu tupu. Ala! Nyie mnajua kuvaa majoho, mbao mnazijulia wapi?"

"Chunga ulimi wako, fundi. Mbao ndizo hizi."

"Basi tafuteni seremala mwingine. Na akipatikana mpumbavu huyo, niiteni nimwone sura."

Mwezi mzima Mwambweni haikupumua kwa kelele za Fundi Shee. Alifoka mbele ya jumba, alifoka sokoni, alifoka hata kwenye harusi ya mpwa wake mpaka bwana harusi akamsihi aketi. Alitishiwa pingu, akanyoosha mikono afungwe. Mwishowe Fumo Kirume alichoka, akaagiza mbao za mbambakofi zilizokaushwa kivulini miaka mitano, ambazo hazijaonja tone la maji ya chumvi. Shee akazipokea kifua mbele.

Dada yake, Mwana Esha, akamfuata karakanani.

"Kaka, umeshinda nini hasa?"

"Nimeziokoa panga za watu."

"Na upanga wa Bunu utakaa wapi?"

Bunu alikuwa mwana wa pekee wa Shee, mlinzi wa lango la kaskazini.

"Utakaa humu, na wenzake," Shee akasema.

"Na ufunguo?"

"Atakuwa nao Sultani."

"Mwanao leo analinda lango na fimbo ya kuswagia mbuzi, nawe umekaa hapa unanusa mbao! Huoni aibu?"

"Mwana Esha, mimi ni seremala. Mambo ya utawala kamuulize mtawala."

Mwana Esha akafyonya, akajitanda shuka yake vizuri, akaenda zake.

Shee akaitia ile hasira yote kazini, ili Mwenye Alawi afe kwa haya. Hakutumia msumari hata mmoja. Viungo vyote alivipachika na kuvikaza kwa vigingi vya mpingo. Kila upanga aliuchongea mahali pake, makali yakitazama juu, chini yake pamba iliyolowa mafuta ya ufuta. Deraya hazikukunjwa, maana deraya ikikunjwa hukatika vikuku. Alizichongea mabega ya mti, zikasimama safu nzima kana kwamba zina watu ndani. Droo za chini alizijaza chokaa kavu ya kunyonya unyevu. Mlango aliufanya mnene vidole vinne, wenye makomeo matatu yanayoendeshwa na ufunguo mmoja. Alipomaliza aliupiga kofi akacheka.

"Mwenye kutaka kulivunja hili," akamwambia waziri, "aje na chakula chake cha mchana."

Kabati likazinduliwa kwa ngoma na mlio wa siwa. Wageni wakaja, wakastaajabu kama walivyotakiwa. Mmoja wao, mfanyabiashara mpole wa kutoka Vumbani, mji uliokuwa na uhasama na Mwambweni tangu enzi za mababu, alistaajabu kuliko wote. Aliuliza kama hizi ndizo silaha zote za mji. Fumo Kirume, kwa majivuno, akamjibu kwamba hakuna hata moja iliyobaki nje.

Siku ya saba baada ya hapo, Sultani akiwa shambani kwake ng'ambo ya mkono wa bahari, na ufunguo ukiwa shingoni mwake, maji yakapwa. Watu mia tatu wa Vumbani wakavuka kwa miguu adhuhuri, jua la utosi, wakalielekea lango la kaskazini.

Shee alifika jumbani na shoka, nyuma yake wanaume wa mji mikono mitupu. Mwenye Alawi akajitupa mbele ya kabati.

"Usiliguse! Mali ya Sultani hii!"

Shee alimshika joho akamtupa pembeni, akaliinua shoka. Pigo la kwanza likamrudia mpaka begani, na mlangoni halikuacha ila mkwaruzo. La pili hivyo hivyo. Alikijua kila kiungo cha kabati lile, na kwa kuwa alikijua, alijua pia kwamba hakuacha penye udhaifu popote. Huku nyuma watu wanapiga kelele, "Upesi, fundi! Upesi!" Kutoka kaskazini zikasikika sauti za mapigano, na katikati yake sauti moja ikiita watu wa mji, sauti aliyoifahamu vizuri kabisa. Shee alipiga huku akilitukana shoka, akiutukana mti, akijitukana mwenyewe. Ngozi ya viganja ilichunika, damu ikautelezesha mpini, akaufuta kwenye kanzu akaendelea kupiga. Ile sauti ya kaskazini ikanyamaza. Ndipo mlango ulipopasuka.

Watu wakalivamia kabati, kila mmoja akaujua wake kwa kitambaa. Panga hazikuwa na doa la kutu, ziling'aa kama zimetoka kwa mhunzi. Kabla ya alasiri watu wa Vumbani walikuwa wametimuliwa, wengi wao wakakutwa na maji yakijaa, wasivuke. Kabatini ukabaki upanga mmoja tu, wa kitambaa cha kijani, rangi ya nyumba ya Shee.

Bunu walimkuta langoni, ameuawa. Alikuwa ameunyakua mchi katika nyumba ya jirani, akaliziba lango kwa mchi ule, akashikilia mpaka ulipokatika vipande viwili.

Jua likikaribia kuchwa, Fumo Kirume akarejea na wapambe wake. Hakuuliza nani amekufa. Alisimama mbele ya vipande vya mbambakofi, uso umemwiva.

"Nani amelivunja kabati langu?"

"Mimi," akasema Shee, upanga wa kijani mkononi.

"Utalitengeneza upya, na panga zote zitarudi humu!"

"Silitengenezi. Na uwatazame hao nyuma yako, kama yupo wa kurudisha."

Sultani akageuka. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na kila mmoja alikuwa ameushika wake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba fundi ahame mji kabla ya Ijumaa.

Watu wakafoka kwamba hahami. Shee akawageukia na wao.

"Nyamazeni! Leo ndiyo mna midomo? Mlinung'unika mkaleta! Na mimi ndiye mbaya kuliko nyote." Akainua kiganja kilichochunika. "Mwezi mzima nilipiga kelele, mji mzima ukanisikia, nikawa tayari kufungwa pingu. Nilipigania nini? Mbao! Nilipigania mbao, na upanga wa mwanangu nikauweka ndani kwa mikono yangu hii."

Alihama siku ya Alhamisi, na zana zake za useremala aliziacha.

Walioandika habari za Mwambweni waliandika kwamba Fumo Kirume aliwashinda watu wa Vumbani, na wakalisifu kabati lake kwa kurasa mbili. Fundi hawakumtaja. Lakini panga zilirudi kwenye vidaka, kila nyumba na wake, na hakutokea tena mtawala aliyethubutu kuziitisha. Nyumbani kwa Mwana Esha kidaka kilikuwa na vitu viwili, upanga wenye kitambaa cha kijani na nusu ya mchi. Mgeni akiuliza, Mwana Esha aliushika ule mchi kwanza.