Harufu ya Chungwa

Kila alipotoka shule, Chiriku alikula peke yake, akaosha sahani yake moja, kisha akapanda msituni kukaa na mti. Jina hilo la utani alilipata kwao kwa sababu ya mdomo usiotulia. Lakini tangu mama yake aende kufanya kazi mbali na kumwacha kwa shangazi, kwenye kituo cha utafiti pembeni mwa msitu, mdomo ulikuwa likizo. Watoto wenzake wote waliishi bondeni.

Shangazi alikuwa mkemia. Alifunika tawi bichi la mti huo kwa mfuko mkubwa wa plastiki, na pampu ndogo ikavuta hewa ya majani hadi kwenye kichupa.

"Jua likiwaka, majani hutoa gesi," alimweleza. "Zikikutana na moshi wa magari juani, hutokea hewa inayoumiza mapafu. Kosa ni la moshi, si la mti. Ila lazima tujue kila mti unatoa nini. Wewe angalia pampu isizimike. Na usije na kitu chochote kinachonukia!"

Yeye mwenyewe, siku za kupima, hakugusa sabuni ya manukato.

Siku moja upweke ulimzidi Chiriku. Alikwenda na chungwa, akalimenya taratibu kama mama yake alivyozoea, ganda moja refu lisilokatika. Akalinusa, akalia. Kisha akalitundika ganda hilo kwenye tawi, karibu kabisa na tundu la kuingizia hewa kwenye mfuko, akabaki akilitazama.

Jioni shangazi alitoka maabara mbio.

"Chiriku! Mti wetu umetoa gesi ambayo hatujawahi kuiona kwake! Kesho nawaandikia wenzangu."

Akamkumbatia kwa nguvu. Hakuwahi kumkumbatia hivyo tangu Chiriku afike. Chiriku alitamani asimwachie. Akisema ukweli, atakatazwa kwenda kwenye mti, na rafiki mwingine hana. Akinyamaza, shangazi ataumbuka mbele za watu.

"Shangazi, si mti," alisema. "Ni chungwa langu. Nililimenya pale."

Shangazi akaketi kwenye ngazi.

"Nilikukataza. Kwa nini chungwa?"

"Linanukia kama mama."

Shangazi alimvuta, akamketisha kando yake.

"Hewa ya leo tutaitupa, tupime upya. Hilo ni dogo. Ungenyamaza, mwanangu, ningewadanganya watu bila kujua, nao wangeniamini. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado linarekebishika."

"Sitaenda tena kwenye mti?"

"Utaenda. Na mimi nina kosa langu. Kila siku napima majani yanatoa nini, wewe sijakuuliza una nini moyoni." Akapangusa macho. "Machungwa yamebaki?"

"Mawili."

"Yalete tule hapa, halafu tuoge kwa sabuni isiyonukia."

Chiriku alimenya, akaanza kusimulia habari za mama. Mpaka machungwa yanakwisha, shangazi hakupata nafasi ya kuingiza neno.