Begi Lililoshikwa na Mtani

Kikombe cha bati kiligonga mdomo wa mtungi gizani. Ti. Kisha kimya.

Kidawa akafumbua macho. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado hapa Kilangala, na mumewe hakunywa maji saa hizi ila siku ya safari.

"Baba Sauda, unakwenda wapi na giza hili? Ruhusa yako inaisha jioni."

"Nawahi."

"Bila kumuaga mtoto?"

"Mwache alale, Kidawa."

Kidawa akawasha tochi ya simu. Hussen alikuwa mlangoni, ndala miguuni, begi begani. Tangu meli iwatoe yeye na wenzake vitani ng'ambo ya Ruvuma, alishinda ameuelekea ukuta. Hata simu alimwachia mkewe. Jana Frank, mwenzake wa kikosi, alituma ujumbe: "Shem, mwambie Hussen arudi. Huku hakuna anayecheka, hata chakula watu wanabakiza. Tukimkosa na yeye, basi tena."

Badala ya kujibu, Kidawa alimpigia Consolata muuza maandazi, Mngoni aliyeolewa kijijini, apite kwao alfajiri. Mngoni kwa Mmwera kama Hussen ni mtani: akikutukana unacheka, akichukua chako unagomboa.

"Hodi humu kwa wakimbiaji," sauti ikaita nje.

Hussen akafungua. Consolata akatua beseni lake, na kabla hajajibiwa, begi likawa mikononi mwake.

"Mtani, babu zenu waliwakimbia babu zangu wakaishia mapangoni. Nyie mmekimbilia mpaka baharini. Kweli mmeendelea."

Kidawa akabana pumzi. Kijiji kizima hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo la kukimbia mbele ya Hussen. Hussen akakunja ngumi, kisha akailegeza. Mtani hapigwi.

"Nipe begi langu."

"Lako? La kwangu hili." Consolata akavuta zipu akicheka. Panga. Shuka. Unga wa muhogo. Sare haikuwemo.

Kicheko cha Consolata kikakatika.

"Hii ndiyo safari ya kambini?" Kidawa akauliza.

"Naenda Likawage kwa mjomba. Nitalima."

"Unatoroka jeshi. Watakuja kukufunga pingu mbele ya mwanao, na mimi niwe si mke si mjane."

Hussen akanyoosha mkono kulichukua begi.

"Gomboa, mtani," Consolata akasema taratibu. "Sitaki soda. Nataka neno. Kulikuwa na nini huko?"

Hussen akakaa kizingitini.

"Ilikuja amri tuondoke kwa meli. Raia tuliowaweza tukawapakia, wengine wakabaki ufukweni. Mama mmoja akaniuliza, mtarudi? Nikamwambia, tunarudi sasa hivi. Na nilijua ile ndiyo meli ya mwisho. Njia nzima hakuna aliyefungua kinywa. Askari wazima, utadhani tunasindikiza jeneza. Sasa Sauda, nikienda hata chooni, ananiuliza, baba utarudi? Nimjibu nini?"

Hapo Kidawa akaelewa kwa nini mumewe alitaka kutoka gizani bila kumuaga mtoto. Akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Usimwambie utarudi. Kurudi ni kwa Mungu, na mimi nililijua hilo nilipokubali kuolewa na askari. Mwambie unakokwenda. Hilo liko mikononi mwako."

"Na wenzangu nitawatazama kwa macho gani?"

"Na wao wanajiuliza hivyohivyo. Soma."

Akampa simu; Hussen akausoma ujumbe wa Frank. Akaurudia, midomo ikicheza.

Pazia la chumbani likasogea. Sauda, usingizi umemjaa machoni, kanga ya mama yake inaburuzika nyuma.

"Baba, utarudi?"

Hussen akalitazama panga. Akamtazama mkewe. Kidawa hakumsaidia.

"Naenda kambini, mama," akasema mwishowe. "Kwa kina ba'mdogo Frank."

Kidawa akageuka upesi wasimwone machozi, akaenda kuitoa sare sandukuni. Aliporudi, Hussen akamshika mkono, wala hakuuachia.

Adhana ikalia. Consolata akajitwika beseni, panga kwapani.

"Hili nabaki nalo, la kuchanjia kuni. Haya, Sauda, huko njiani wakiniuliza baba yako kakimbilia wapi, niwajibu nini?"

Mtoto akapiga mwayo.

"Baba anakwenda kazini."