Kichwa cha Pikipiki ya Paulin

Haya yalimpata jirani yetu Damien, fundi wa pikipiki hapa Goma. Ukiniona mwongo, nenda kamuulize. Ataangalia chini tu.

Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri. Damien alikuwa karakanani, mbele yake vichwa viwili vya silinda, kile chuma kinachofunika injini kwa juu. Kesho yake kulikuwa na mashindano ya pikipiki za zamani, na ya kwake, aliyoachiwa na baba yake, kila mwaka ilifika ya mwisho. Watu walimcheka mpaka akachoka. Sasa achague kipi? Kichwa chake cha siku zote kilikuwa na ufa karibu na plagi. Kile kipya kutoka Kampala kilikuwa na valvu kubwa, ndiyo, lakini chuma chake chepesi. Kikipata moto kingepinda kabla ya kufika Sake, mashindano yanakoishia.

Kulikuwa na cha tatu. Hicho kilikuwa bado kimefungwa kwenye pikipiki ya Paulin, chini ya turubai, pembeni ya karakana.

Paulin alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na pikipiki zao zilikuwa mapacha. Paulin alizisugua njia za hewa za kichwa kile kwa mkono wake, miaka na miaka, mpaka zikang'aa kama sahani. Homa ikamchukua mwezi mmoja kabla ya Jumamosi ile. Mjane wake, Bénita, akamletea Damien ile pikipiki aitunze, isiguswe mpaka familia iondoe matanga. Kwetu mali ya marehemu haiguswi watu wakiwa bado wanalia, na Damien alilijua hilo vizuri.

Akachungulia mlangoni. Akafungua nati. Akabadilisha. Kile chenye ufa akakifunga kwenye pikipiki ya marehemu. Ee Mungu wangu, mwanaume mzima! Haya ilimpanda mpaka masikioni, lakini akajiambia: mufu hapandi pikipiki.

Alipowasha, injini ilinguruma kwa sauti ya Paulin. Si kufanana, ilikuwa yenyewe, na kale kakikohozi kake ka mwanzo. Damien akatoka mbio kuijaribu, akiomba asikutane na mtu wa kuitambua. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Alitaka kushika barabara ya Sake. Usukani ukakata kuelekea Munigi, kwa Bénita.

Akazima. Haikuzimika. Akachomoa ufunguo, akafunga petroli. Ikaendelea. Nyuma yake kiti kikabonyea taratibu, kama abiria anapopanda. Akasikia pumzi shingoni. Hakugeuka.

Mbele ya lango la Bénita pikipiki ikasimama yenyewe. Ikapiga resi tatu fupifupi. Mkono wa Damien haukuwa umesogea.

"Papa! Papa amerudi!"

Ni Umwiza, binti wa Paulin, anakuja mbio huku anacheka. Alipomuona Damien akasimama, kicheko kikakatika. Hapo Damien alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bénita akatoka na nguo zake za kilio. Majirani nao wakajaa. Akaisikiliza injini, akaangalia nyuma ya Damien, akanong'ona:

"Damien, ule umebeba nyuma ni nani?"

"Hapana mutu, mama Umwiza."

"Ulifungua pikipiki ya bwana yangu?"

Alitaka kukataa. Kiti kikalia nyuma yake, kama mtu anayeinama mbele asikie jibu vizuri.

"Ndiyo, mama. Nilitoa kichwa yake. Unisamehe."

Injini ikazimika.

"Rudisha," Bénita akasema polepole. "Rudisha leo, na watu waangalie."

Akarudisha. Nusu ya Munigi ilimfuata karakanani, ikasimama ikimwangalia anavyokaza nati, jasho na machozi vikimtiririka. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Kichwa kilirudi kwa mwenyewe, lakini abiria hakushuka kwenye pikipiki ya Damien. Vile vyuma vya kukanyagia vya abiria, Damien anavikunja kila jioni. Asubuhi anavikuta vimefunguliwa. Alishavifunga na waya. Waya aliukuta umeviringwa vizuri juu ya kiti.

Umwiza akienda masomo anapita pale pale karakanani. Anasimama kidogo, anakiangalia kile kiti cha nyuma, anasema kwa heshima, "Bonjour, papa."

Halafu anaenda zake. Damien hapewi salamu.