Majirani Waliokuja Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jicho alifagia upande wao wa ua, akawasha jiko, akachemsha chai, kisha akapeleka kikombe kimoja kando ya kitanda cha mama yake. Aliporudi mchana alikikuta kikombe mahali palepale, chai imepoa na kufanya utando. Aliimwaga, akakiosha kikombe, akakaa chini kufanya kazi za shule huku akisikiliza kama mama yake atageuka.

Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, yenye vyumba vilivyozunguka ua mmoja na bomba moja la maji. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Zamani ukipita nje ulisikia cherehani ikiunguruma tangu asubuhi. Sasa ilikuwa imefunikwa shuka. Ilifunikwa tangu wiki ile kaka yake Jicho, kijana aliyekuwa akitengeneza redio na pasi za mtaa mzima, alipougua ghafla, akalazwa, asirudi tena nyumbani. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja kwenye mazishi, akakaa siku chache, kisha kazi ikamwita. Alipiga simu kila jioni, na kila jioni Jicho alimwambia kwamba mama anaendelea vizuri.

Jina la Jicho alipewa na huyo kaka, kwa sababu hakuna kitu kilichompita. Alijua nani amehamisha ndoo ya nani bombani. Kwa hiyo ni yeye aliyegundua kwamba majirani walikuwa na jambo.

Ilianza na Mama Pacha, mama wa watoto mapacha, aliyeuza mboga barabarani. Siku moja Jicho alirudi shuleni akamkuta ameketi pembeni ya kitanda cha mama yake. Alisema amekuja kuazima chekeche. Jicho alimtolea chekeche kwa adabu, lakini moyoni alishangaa, maana jikoni kwa Mama Pacha kulikuwa na machekeche mawili yamening'inia ukutani, na yeye mwenyewe alikuwa ameyaona juzi.

Kesho yake alikuja kinyozi wa pale kona, mzee mchache wa maneno, na suruali mkononi. Alitaka ikunjwe pindo. Jicho aliitambua. Mama yake alikuwa ameshaikunja kabla ya msiba. Kisha akaja Bibi Sindano, muuguzi mstaafu ambaye watoto wote wa mtaa walikuwa wamewahi kulia mikononi mwake. Alisema anapumzisha mguu. Mguu gani, Jicho alijiuliza, wakati asubuhi alimwona anaruka mtaro kama msichana.

Huenda asingelitilia jambo hilo maanani kama si yule mnunuzi wa vitu vikuukuu. Huyo alikuja siku chache tu baada ya mazishi, akauliza kama vifaa vya marehemu vinauzwa, na kama mama bado ana haja na cherehani. Jicho alimfungia mlango. Tangu hapo kila aliyebisha hodi alimwona kama mtu aliyekuja kuchungulia mchana apate kuiba baadaye.

Halafu akawasikia. Alikuwa nyuma ya ukuta wa bafu, akisubiri ndoo yake ijae, na Mama Pacha na kinyozi walikuwa wakizungumza upande wa pili.

"Leo nimekwenda mimi, kesho ni wewe," Mama Pacha alisema. "Ila yule mtoto asijue."

"Ile cherehani isiachwe hivyo," kinyozi akajibu. "Itaota kutu."

Maji yalifurika kwenye ndoo na Jicho hakuyaona. Alirudi ndani, akasukuma sanduku la vifaa vya kaka yake mpaka mvunguni mwa kitanda chake, akakaa juu ya kitanda kama mlinzi. Hakumweleza mtu yeyote. Angemweleza nani, ikiwa wote walikuwa kitu kimoja?

Siku iliyofuata hakwenda shule. Alisimama mlangoni, na kinyozi alipokuja na suruali nyingine alimwambia mama amesafiri. Amekwenda kwa mama mkubwa, alisema, na hatarudi mpaka wiki ijayo. Kinyozi alimtazama kidogo, akatazama dirisha lililofungwa, akasema ni vizuri, abadilishe hewa. Habari ilizunguka ua kabla ya jua kuwa kali. Hakuna aliyebisha tena.

Jicho aliona ameshinda. Alimwomba mama yake asifungue dirisha, akamwambia kuna vumbi. Mama hakuuliza vumbi la nini. Hata hivyo adhuhuri aliinua kichwa.

"Mama Pacha hajaja leo?"

"Ana kazi, Mama."

"Na kinyozi?"

"Naye pia."

"Aha," mama akasema, akageukia ukuta.

Kuna jambo ambalo Jicho aliliona lakini akalipuuza. Siku zile za wageni, mama yake alikuwa akiamka kunawa uso kabla hawajafika. Alikuwa akijifunga kitambaa kichwani. Mara moja alikunywa uji nusu bakuli kwa sababu Bibi Sindano alikuwa naye akinywa, na ilikuwa aibu kumwacha mgeni anywe peke yake. Sasa hakuna aliyemfanya aamke. Uji ulipoa, maji yalibaki kwenye gilasi. Jicho aliketi sakafuni akisikiliza hatua za watu uani, na kila hatua iliyokaribia mlango ilimfanya ainuke kukagua komeo. Hata yeye baadaye hakukumbuka vizuri alikula nini siku hizo.

Jumamosi asubuhi mama alijaribu kusimama aende msalani. Alishika ukingo wa kitanda, akajikokota mpaka chumba cha mbele, kisha nguvu zikamwishia. Alianguka kati ya ukuta na cherehani. Jicho alimshika mabega akajaribu kumnyanyua, akashindwa. Mikono ya mama ilikuwa ya baridi na midomo imekauka mpaka imepasuka. Alikuwa akipumua, macho yamefumba.

Watu waliokuwa karibu ni walewale. Jicho alisimama mlangoni kwake, akifikiria atasemaje. Kisha akakimbia mpaka jikoni kwa Mama Pacha.

"Mama hakusafiri," alisema. "Nilidanganya. Ameanguka."

Mama Pacha aliepua sufuria, akawaambia mapacha wake wamwite Bibi Sindano, akatangulia mbio. Bibi Sindano alikuja bila viatu. Alipima mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, akamlaza mama kwa ubavu, akamfungulia dirisha. Mama alipofumbua macho na kuweza kumeza, akampa maji yenye sukari na chumvi kidogo, funda moja moja, akimsemesha taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Kinyozi alikuwa amekwisha kufunga kibanda chake na kutafuta gari. Njiani kwenda zahanati, yeye ndiye aliyemshika mama asiyumbe, na muda wote hakumtazama Jicho kwa jicho baya.

Zahanati walimwekea mama dripu. Tabibu alisema mwili umeishiwa maji na chakula, na kwamba wangechelewa zaidi hali ingekuwa nyingine. Jicho alisikia maneno hayo akiwa kwenye benchi la nje, kando ya Bibi Sindano. Hakuweza kukaa kimya tena.

"Bibi, mnaitaka cherehani yetu?"

Bibi Sindano aligeuka. Uso wake ulitaka kucheka, akauzuia. Alitaka kujua swali hilo limetoka wapi, na Jicho akamweleza yote: chekeche, suruali, mguu, maneno ya nyuma ya ukuta. Alipofika kwenye ule uongo, sauti ilimpungua. Alisema yeye ndiye aliyemfungia mama yake ndani.

Bibi alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba baada ya mazishi watu wengi walikuja, wakajaa ua mzima, halafu wote wakaondoka siku moja na nyumba ikawa kimya. Yeye alikuwa amezika mume, na alikijua kimya hicho. Kwa hiyo majirani walikubaliana kupokezana, ili mama yake asipitishe siku bila mtu. Lakini kila walipomwambia wamekuja kumwangalia, alijibu hajambo, akawashukuru na kuwaaga. Ndipo kila mmoja akatafuta sababu yake.

"Kinyozi amefumua suruali zake mwenyewe kwa wembe," Bibi akasema. "Alitaka mama yako apate kazi ndogo ya mikono. Suruali zikimwisha sijui angekuja amevaa nini."

Jicho alitaka kucheka, akashindwa. Bibi alimsogelea.

"Wewe umekosea kusema uongo, na umeona ulikotufikisha. Lakini na sisi tumekosea. Tulikuficha jambo la nyumbani kwako, na mtu anayefichwa hujaza mwenyewe kilichobaki. Tungekwambia ukweli, ungekuwa wa kwanza kutufungulia mlango. Sasa niambie. Wewe unalala?"

Jicho alisema analala. Bibi akamngoja. Jicho akasema halali sana, na shuleni husinzia mpaka mwalimu amemwonya, na kila akipita mtu aliyevaa shati kama la kaka yake hugeuka kumtazama usoni. Alisema hajalia tangu mazishi kwa sababu mtu mmoja alipaswa kuchemsha chai. Alilia kifuani kwa Bibi Sindano mpaka kitambaa cha Bibi kikalowa, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waliangalia pembeni ili kumpa nafasi.

Jioni hiyo, baba alipopiga simu, Jicho hakumwambia kwamba mama anaendelea vizuri. Alimwambia kilichotokea. Baba akasema atamwomba bosi wake safari za karibu. Naye akakiri kwamba hulia kwenye lori.

Mama aliporudi nyumbani majirani waliacha visingizio. Mama Pacha alibisha hodi akasema waziwazi kwamba leo ni zamu yake, atafua nguo na kuzungumza, au kufua tu kama mama hataki mazungumzo. Tabibu alikuwa amemwelekeza mama kwa mshauri wa zahanati, mwanamke mpole aliyekutana na waliofiwa kila wiki katika chumba cha nyuma. Huko hakuna aliyemwambia asahau. Walimwambia aanze na madogo: kunawa uso akiamka, kula hata kidogo kwa saa zake, kukaa juani uani, kutembea mpaka dukani na kurudi. Siku nyingine aliyaweza yote. Siku nyingine aliweza kunawa uso tu, na mshauri akamwambia hiyo nayo ni kazi.

Jicho naye alipewa yake. Kuchemsha chai aliachiwa siku za Jumapili tu. Siku nyingine chai ilitoka kwa Mama Pacha, naye akalala mpaka saa ya kujiandaa. Mwalimu wake alipoelezwa hakumwonya tena, alimwambia akizidiwa aombe ruhusa atoke nje apate hewa. Na alasiri moja, watu wakiwa wamekaa uani, kinyozi alisimulia jinsi marehemu alivyomtengenezea redio ikawa haikamati ila stesheni moja ya lugha asiyoijua, naye akaisikiliza mwaka mzima kwa kuona haya kumwambia. Mama alicheka. Alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Jicho aliinuka kwa hofu, lakini mama akamshika mkono akamkalisha, akaendelea kulia bila kujificha. Baadaye aliomba kinyozi asimulie nyingine.

Miezi ikapita. Cherehani ilianza kuunguruma tena, kwanza kwa dakika chache, baadaye kwa asubuhi nzima. Kisha mtaa wa nyuma ukapata msiba: fundi viatu alifiwa na mkewe. Watu walijaa kwake, wakazika, wakatawanyika. Mama alingoja wiki moja. Siku ya Jumamosi alijifunga kitambaa kichwani, akamwita Jicho.

Jicho aliuliza wachukue nini, labda kiatu kibovu, ili wapate la kusema wakifika.

"Hatuchukui kiatu," mama akasema. "Huzuni ya kufiwa si aibu, na kumjali mtu si siri. Mimi nilijifanya sijambo, wewe ukajifanya unaweza kila kitu, majirani wakajifanya wanaazima. Tungesema ukweli mapema, tungepona mapema. Mtu akifiwa, autunze mwili wake kidogo kidogo kama anavyomtunza mgonjwa, na akubali kushikwa mkono. Ukiona huzuni imekushinda, sema. Ukiona imemshinda mwenzako, nenda."

Walimkuta fundi viatu ameketi kwenye kigoda chake mbele ya mlango, nyundo miguuni, hafanyi kitu. Aliwauliza wanataka kutengenezewa nini.

"Hatuna cha kutengeneza," mama akasema. "Tumekuja kukaa nawe."

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaingia ndani, akatoka na viti viwili.