Tajiri wa Queensbury

Kitasa kililia mara mbili nyuma yake. Placida Komba hakugeuka.

Kufungiwa halikuwa jambo geni. Wiki tatu alizofanya kazi ya kumhudumia bibi mgonjwa katika nyumba hii ya Queensbury, jijini London, mlango ulikomelewa kila alipoingia. Jambo geni lilikuwa bastola.

Glock 19, mkononi mwa Ian, meneja wa Amana ya Meridiani.

"Simu," alisema Ian kwa Kiingereza.

Placida akampa.

"Na saa."

Ian aliigeuzageuza ile Casio, akaitupa chini, akaiponda kwa kisigino. Kinasa sauti kilichofichwa ndani yake kikafa.

"Sikuui sasa, afisa. Bibi anahitaji mtu wa kumsukuma mbele ya kamera. Saini ikishawekwa, tutaongea."

Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa nyuma ulizibwa kwa matofali. Mkuu wake katika ujasusi, Anselm, alikuwa ndani ya gari mtaa wa tatu, na amri ilikuwa asivunje nyumba ya mtu katika nchi ya watu.

Zilibaki dakika kumi na mbili.

Saa nne kamili, saa saba mchana kule Dodoma, Waziri wa Fedha angetia saini. Amana ya Meridiani, shirika ambalo hakuna aliyejua lilikotoka, iliahidi dola bilioni arobaini bila riba. Nchi ilikuwa hoi. Shilingi inaporomoka, hospitali hazina dawa, na mfa maji haachi kutapatapa. Sharti lilikuwa moja tu: dhahabu ya Benki Kuu iletwe London iwe dhamana. Ndege ilikwishapakia.

Na mwenye mabilioni hayo, kwa mujibu wa nyaraka, alikuwa Bi Pramila. Huyu huyu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, shali imemwelemea mabegani.

Ian akaenda chumba cha pili kuwasha mitambo. Placida akapiga magoti, akajifanya anamvalisha bibi soksi.

"Shikamoo, mama." Wiki zote tatu alikuwa akimsemesha Kiingereza.

Bibi akashtuka. "Marahaba. We mtu wa wapi?"

"Songea. Nimetumwa na serikali."

"Mie Tanga. Barabara ya Kumi na Mbili. Nilikuwa nashona sare za shule." Machozi yakamlengalenga. "Walikuja hapa kwangu kupanga chumba tu, mwanangu. Mwezi wa saba huu sijaona jua. Nisiposoma karatasi zao, hawanipi dawa ya moyo."

"Leo usisome. Sema kweli, kwa Kiswahili. Ian hajui hata neno."

"Ataniua."

"Ataanza na mimi. Nami leo sina nia ya kufa."

Hatua za Ian zilikuwa zimeshafika mlangoni.

Skrini ikawaka. Waziri alikuwa ameshika kalamu. Ian alisimama kando ya kamera asionekane, mtutu ukimtazama Placida tumboni.

"Shikamoo, mama," alisema Waziri. "Tumeambiwa ulizaliwa kwetu."

Bibi aliinua karatasi aliyopewa na Ian. Akisoma, yamekwisha.

"Marahaba, baba."

Ian akatabasamu. Salamu tu, alidhani.

"Mimi fundi cherehani. Bilioni nizitoe wapi? Hawa wezi. Wametufungia, na huyu dada ameelekezewa bunduki. Usitie saini!"

Kalamu ikaganda hewani.

"Amesema nini?" Ian alifoka.

Placida hakungoja atafsiriwe. Aliisukuma kwa nguvu zote mashine ya kumnyanyulia mgonjwa iliyosimama kando ya kiti. Mkono wa chuma wa mashine ukampiga Ian kwenye kifundo cha mkono. Risasi ikapasua dari. Kiwiko kooni. Goti tumboni.

Ian akaenda chini, Glock ikahama mikono.

"Mheshimiwa," Placida alihema mbele ya kamera, "zuieni ndege."

"Hairuki," alisema Waziri. Alikuwa ameshachana karatasi.

Placida alimfunga Ian kwa mikanda ya ile mashine, akachukua funguo, na simu yake aliyonyang'anywa.

"Anselm. Tayari."

"Polisi dakika tatu. Wasikukute."

Alimsukuma bibi hadi nje, kwenye jua hafifu la asubuhi. Bibi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Nenda, mwanangu."

Polisi wakafika na ving'ora vyao. Mmoja aliingia ndani, akatoka ameduwaa.

"Mama, nani amemfunga yule bwana? Mhudumu wako?"

"Mhudumu gani?" akauliza Bi Pramila, uso ameuelekeza juani.

Ng'ambo ya barabara, mwanamke mmoja alifunga vifungo vya koti, akapanda basi.