Taarifa Iliyokataliwa

Asubuhi za kwao Sindano zilianza na cherehani. Kabla jua halijachomoza vizuri, mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, miguu juu ya pedali, akiunganisha sketi za sare za shule. Sindano, ambaye wenzake walimpa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kazi ya mama yake, alikaa sakafuni na mkasi mdogo akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye pindo. Akimaliza alikunywa chai, akabeba mkoba, akaenda shule. Kazi zilifanyika zote, na mpita njia asingejua kuna lililopungua.

Lakini nyumba ile ilikuwa imekufa ganzi. Kaka yake Sindano, aliyekuwa mwanajeshi, alizikwa mwanzoni mwa mwaka. Tangu siku hiyo Sindano alikula bila kujua anakula nini. Wenzake wakicheka, naye alicheka, wakinyamaza, alinyamaza. Hakuwa amelia hata siku ya mazishi. Mwanzoni alijiona ana moyo mbaya, kisha hata wasiwasi huo ukamtoka. Mama naye hakulia mbele ya mtu. Alishona tu.

Habari yenyewe ilijulikana mtaa mzima. Lori la jeshi lilikuwa linateremka mlima, breki zikakataa, likapinduka. Kaka akakimbizwa kwenye zahanati ya karibu, na zahanati haikuwa na damu ya kumwongezea. Mama alipigiwa simu, akafika na kumkuta angali hai, akakaa naye mpaka mwisho.

Kila Jumapili walikuja wageni wawili. Mmoja alikuwa baba mdogo, fundi umeme, mwanachama wa chama tawala tangu alipoanza kuota ndevu. Wa pili alikuwa mjomba, kinyozi, mpinzani wa kutupwa. Walipendana watu hawa, hilo lazima lisemwe, lakini redio ikishawashwa tu, basi tena. Jumapili moja redio ilikuwa inaeleza habari za bajeti. Serikali ilitaka jeshi liongezewe fedha za kununua ndege za kivita na magari mapya. Wapinzani nao walikuwa wameleta bajeti mbadala, wakitaka fedha hizo zipelekwe hospitali.

"Waongezewe tu!" alisema baba mdogo. "Kijana wetu angepanda gari jipya, leo tungekuwa tunakunywa naye chai hapa."

"Thubutu! Angekuta damu pale zahanati, ndiyo tungekuwa tunakunywa naye hiyo chai," mjomba akamrukia. "Ndege ya kivita inamwongezea mtu damu?"

"Na adui akivuka mpaka, wewe utampiga na machela?"

Mama aliinuka taratibu, akaenda chumba cha pili, na mlio wa cherehani ukaanza. Wanaume wale wakapandisha sauti ili wasikilizane. Sindano akakusanya vikombe, akaviosha kimoja kimoja. Hakuhisi kitu.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Uraia aligeuza darasa lao kuwa bunge. Madawati yalipangwa pande mbili zikitazamana. Spika alikuwa mvulana mrefu kuliko wote, naye alikabidhiwa mpini wa fagio uwe siwa yake, akautembeza darasani kwa maringo ya ajabu. Upande wa kulia ulikuwa wa serikali na wa kushoto wa upinzani. Hakuna aliyechagua pa kukaa, mwalimu ndiye aliyewagawa. Hoja ilikuwa ileile ya kwenye redio, kwamba fedha za jeshi ziongezwe.

"Kupinga peke yake hakutoshi," mwalimu aliwaonya. "Anayepinga alete mpango wake. Na anayeomba fedha atueleze zitafanya nini. Siku ya mjadala wazazi watakuja kusikiliza."

Sindano aliangukia upande wa serikali. Kiongozi wao alikuwa msichana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakunyamaza hata akiwa anatafuna. Wakati wa mapumziko alimvuta Sindano pembeni.

"Wewe ndiye utakayetuokoa," alimwambia. "Simulia habari za lile lori. Kuukuu, bovu, breki zimekwisha. Ukifika kwenye ajali, kaa chini."

"Na zahanati je?"

"Ah, ya zahanati ni ya wapinzani hiyo! Ukiitaja tu tumekwisha."

"Sawa," Sindano akasema. Siku hizo alikubali kila alichoambiwa. Kukataa kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Siku ya mjadala mama alikuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, vipande vya uzi vikiwa bado vimenata begani, akaketi nyuma pamoja na wazazi wengine. Redio alifungua kwa kishindo. Aliomba ndege, akaomba vifaru, akaomba na manowari. Alipoulizwa manowari hiyo itaelea wapi na nchi yao haina bahari, alijibu kwamba serikali italitazama suala hilo. Kiongozi wa upinzani, mvulana aliyeitwa Miwani, naye akasoma mpango wake mbadala. Fedha zote za jeshi zihamie hospitali, na wanajeshi wapewe majembe wakalime mboga za wagonjwa. Wapinzani wakagonga madawati mpaka vumbi likatimka.

Kisha Sindano akasimama. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Lori lilikuwa kuukuu," alisema. "Lilikuwa linateremka mlima. Breki zikakataa. Kaka yangu alikuwemo."

Darasa zima likatulia, hata Redio.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Miwani akasimama. Kwa kanuni za bunge lile, mbunge aliruhusiwa kumkatiza mwenzake ili kumpa taarifa, na mzungumzaji aliulizwa kama anaipokea au anaikataa. "Napenda kumpa taarifa mzungumzaji kwamba kaka yake hakufia kwenye lori. Alifikishwa zahanati akiwa hai, na hapakuwa na damu."

"Mheshimiwa, unaipokea taarifa hiyo?" Spika akauliza.

Redio alimvuta sketi kwa chini. "Ikatae!"

"Siipokei," akasema Sindano.

Upande wa serikali ukalipuka kwa makofi. Kura zikapigwa, serikali ikashinda, na Redio akamkumbatia Sindano nusura amwangushe. Sindano aligeuka kutazama nyuma. Mama hakuwepo tena.

Alimkuta nyumbani, ameketi kwenye cherehani, lakini miguu yake ilikuwa imetulia juu ya pedali.

"Mama, umekasirika?"

"Sijakasirika." Mama aliuweka mkasi kando. "Ila umemwacha kaka yako barabarani, mwanangu."

Sindano akaketi sakafuni, kando ya pedali.

"Baba yako mdogo kila Jumapili humwacha hukohuko kwenye lori," mama aliendelea. "Mjomba wako naye humkuta kitandani tu, utadhani alizaliwa pale zahanati. Leo na wewe. Mimi nilikuwa naye, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza."

"Alisema nini, mama?"

Mama alimweleza. Kaka aliomba maji. Kisha akauliza kama dereva amepona, akasema dereva asilaumiwe, kwa sababu alikuwa ameripoti kwamba breki hazishiki na akaamriwa aendelee na safari. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na simu, akipigia hospitali moja baada ya nyingine akitafuta damu, machozi yakimtoka.

"Kaka yako akamwambia pole," mama alisema. "Yeye ndiye aliyelala pale, na bado akampa pole muuguzi. Ndivyo alivyokuwa mwanangu."

 Neno hilo lilimuuma Sindano, likamuuma sana, na tangu mazishi hakuna kilichokuwa kimemuuma. Aliangua kilio, kichwa mapajani mwa mama, juu ya sketi za watu. Mama hakumwambia anyamaze. Alimshika mgongo, na yeye mwenyewe akalia.

Kesho yake, kipindi cha Uraia kilipoanza, Sindano alinyoosha mkono. "Mheshimiwa Spika, naomba nitoe maelezo binafsi."

Spika alimtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Jana niliikataa taarifa ya kweli," Sindano alisema. "Leo naipokea." Akasimulia yote: lori, breki zilizoripotiwa, zahanati, muuguzi na simu yake. Sauti ilimtetemeka, lakini aliendelea mpaka akamaliza.

"Sasa sisi tumeshinda au tumeshindwa?" Redio akauliza.

Miwani alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mwalimu alimwona. "Na wewe usifurahi. Katika mpango wako, breki za magari ya wanajeshi zinatengenezwa kwa fedha zipi?"

Miwani alivua miwani yake, akaifuta. "Sikuziweka, mwalimu."

"Kuwa na upande si kosa," mwalimu aliwaambia wote. "Bunge lenye upande mmoja si bunge. Lakini ukificha nusu ya jambo kwa sababu nusu hiyo inamsaidia mwenzako, umesema uongo, hata kama kila neno ulilotamka ni la kweli. Na mpango uliojengwa juu ya uongo utamwangukia mtu. Haya, andikeni upya, pande zote pamoja."

Walibishana mpaka kengele ikalia. Mwishowe walikubaliana kwamba magari yaliyopo yatengenezwe kwanza, gari lililoripotiwa bovu lisitoke kambini kwa amri ya mtu yeyote, na kila zahanati iliyo karibu na kambi iwe na damu. Redio alipigania ndege, hata ndogo, mpaka dakika ya mwisho. Hakuipata.

Jumapili ikafika. Redio ikawashwa, chai ikamiminwa, na baba mdogo akaanza. "Kijana wetu angepanda gari jipya..."

Mama akaizima redio. Hakwenda chumba cha pili. Alivuta kiti, akaketi katikati yao, akasema, "Mwanangu, waeleze."

Sindano akawaeleza. Alipofika kwenye pole aliyopewa muuguzi, mjomba alivua kofia yake. Baba mdogo alikitazama kikombe chake bila kukigusa.

"Bishaneni kuhusu ndege, bishaneni kuhusu dawa," mama alisema. "Nchi ni yenu, semeni mnavyoona. Lakini mwanangu msimgawane."

"Tumekusikia, shemeji," akasema baba mdogo. Akakisogeza kikombe kando. "Huyo dereva yuko wapi siku hizi?"

"Alipona. Ila hajawahi kuja hapa. Nasikia anaogopa kunitazama."

Baba mdogo na mjomba wakatazamana.

"Twende tukamlete," mjomba akasema.

"Twende," akajibu baba mdogo, na wote wawili wakasimama.