Benchi Lililotazama Jikoni

OMBI LA KUGEUZA BENCHI MOJA (1) LA BUSTANI YA UMMA LINALOTAZAMA MAKAZI BINAFSI. Hicho ndicho kichwa cha barua aliyoandika Bi Futi wiki ya pili baada ya kuhamia. Aliipeleka mwenyewe ofisi ya bustani, ikagongwa mihuri mitatu, na jibu likaja upesi kuliko heshima ya ofisi ilivyoruhusu: benchi tajwa halimo katika orodha ya mali za bustani, kwa hiyo haliwezi kugeuzwa, kuhamishwa wala kulalamikiwa.

Bi Futi alicheka hadi akavua miwani. Alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka ishirini na sita alipima viwanja vya watu, jioni akarudi kulala chumba cha kupanga. Nyumba hii kuukuu, yenye madirisha marefu na bustani ya umma kwa nyuma, ndiyo ya kwanza kuwa yake. Mpaka ulikuwa safu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Mabenchi yote ya bustani yalitazama bwawa. Moja tu lilitazama mlango wake wa jikoni.

Jumatatu alivuta tepu: mita kumi na nne kutoka kwenye mawe hadi benchi hilo. Jumatano, kumi na moja. Ijumaa, sita. Nyasi hazikuwa na alama ya kuburuzwa.

"Uza, wifi," alinong'ona wifi yake, muuguzi aliyekuja kumsaidia kupanga vyombo. "Wenye nyumba wanne ndani ya miaka mitano. Unadhani walikimbia mbu?"

"Mimi sikimbizwi na fanicha."

"Fanicha yenyewe inakuja, wifi."

"Ikifika tutaikalia."

Jumapili mchana, jua likiwa la utosi, benchi lilikuwa ndani ya mawe, upande wake. Mbao za upande mmoja zilikuwa zimebonyea. Wifi mtu akaweka kiganja pale, akakitoa haraka.

"Pana baridi."

"Kama nini?"

"Kama wale tunaowafunika shuka mpaka usoni."

Hapo ndipo Bi Futi alipofanya kosa ambalo mwalimu au fundi bomba asingelifanya. Alichukua nyundo, akapigilia kigingi kila pembe ya benchi, ili likisogea tena apate ushahidi. Akazungusha kamba. Akaandika vipimo daftarini na, kwa mazoea, akatia sahihi.

Benchi halikusogea tena.

Siku ya tano alikuwa anaosha vikombe. Mkono ukasimama. Maisha yake yote ya kazi, vigingi vinne na sahihi yake vilikuwa na maana moja: hapa ni pako. Alikuwa amemkatia mtu kiwanja. Ndani ya kiwanja chake mwenyewe.

Mchana huohuo ikafika barua ya ofisi ya ardhi: Taarifa ya Kugawanywa kwa Kiwanja. Iliambatanishwa na ukurasa wa daftari lake. Alifungua droo. Daftari lilikuwapo. Ukurasa haukuwapo. Na kwenye mstari wa mmiliki wa pili palikuwa na alama ya kidole gumba. Ya udongo. Mbichi.

Karani aliyepokea simu alimhakikishia kwamba fomu ilikuwa imejazwa vizuri kuliko nyingi.

Wifi yake alikuwa keshabeba mkoba. "Twende. Nguo utanunua nyingine."

"Niende wapi? Nikapange tena?"

Alitoka, akaketi upande wa pili wa benchi. Mbao zilizobonyea zikainuka kidogo, kama mtu anayejisogeza kumpisha mwenzake. Baridi ikampanda ubavuni. Meno yakagongana. Hakuinuka.

"Sikiliza, jirani," alisema. "Umepimiwa kihalali. Kosa ni langu, sikufukuzi. Lakini na mimi sihami. Tena hapa hakuna kukaa bure. Uwanja unafagiliwa kila siku, na mimi mgongo unaniuma."

Majani ya bustani nzima yakatulia.

Wifi yake aliondoka peke yake. Bi Futi alifunga milango yote kwa ndani, akalala.

Asubuhi uwanja ulikuwa umefagiliwa, na jikoni, na chumba alicholala, hadi chini ya kitanda.